Fimbo ya Luhende na Raba Yake

Hapo zamani, na si zamani ile ya sungura na fisi, zamani ya juzi tu, umeme ulishafika, palikuwa na meza ya pool nyuma ya baa ya Mama Mwashi kule Igunga. Na palikuwa na sheria, ambayo ndiyo inaniumiza kichwa mpaka leo. Fimbo ya kuchezea ikitajwa kwa sauti kwamba imepinda, inapimwa palepale. Kwanza kwa jicho, kisha inabingirishwa mezani. Ikionekana imepinda, inakatwa na kuchomewa mishkaki. Ikikatwa kwa makosa, aliyesababisha anampa mwenye fimbo ile ya kwake. Walitunga hivyo baada ya kutoana meno kwa ajili ya fimbo, kwa hiyo msicheke.

Sasa palikuwa na Nyamizi, binti wa marehemu Luhende, seremala. Fimbo yake alichongewa na baba yake. Mzee alipokuwa mgonjwa kitandani aliiomba, akaizungushia raba ya tyubu ya baiskeli pale mshikoni, isije ikamteleza mwanawe. Vidole vilikuwa vinatetemeka, raba ikakaa na nundu. Wiki hiyohiyo akafariki. Kuanzia hapo Nyamizi hakutaka mtu aiguse raba ile.

Ilipobaki siku mbili kufika fainali ya mashindano ya pale, Nyamizi yuko mazoezini, akakosa mpira uliokuwa mdomoni mwa shimo. Mpira ambao hata mimi na macho yangu haya ningeutia. Badala ya kunyamaza kama watu wengine, akasema, "Fimbo hii imepinda nini?" Yaani mtu mzima, anaijua sheria, anaitaja fimbo ya baba yake mwenyewe. Mnaona ninavyoteseka?

Wakamwita Kapela, maana hapo kijiweni hakuna jicho kama lake. Kapela akainua fimbo usawa wa uso, akafumba jicho moja, akaizungusha polepole. Akaona imenyooka. Aliona vizuri kabisa. Lakini fainali alikuwa anacheza yeye na Nyamizi, na Nyamizi alishamfunga mara nyingi kwa fimbo hiyohiyo. Akasema hana hakika, ipelekwe mezani.

Mezani yupo Igwesa, mtu mwaminifu, mwaminifu mpaka anachosha. Akauliza kama aibandue raba kwanza. Nyamizi akakataa, akasema raba hiyo haibanduliwi. Hakusema kwa nini. Igwesa akaona basi, akaibingirisha hivyohivyo. Ncha ikainuka, ikashuka, ikainuka, ikashuka, inagonga kitambaa tiki, tiki. Igwesa akatangaza kuwa imepinda.

Sheria inataka ibingirishwe tena, upande wa pili wa meza. Lakini Mama Mwashi alikuwa na wateja wanangoja nyama, na kelele za vijana wale zilishamfika hapa shingoni. Akaleta msumeno, akaikata katikati. Nyamizi aliweka mkono mdomoni.

Kabla ya kuitia motoni, Mama Mwashi akaibandua raba, isije ikanukisha mishkaki. Akavitupa vipande viwili mezani. Vikabingirika. Vikabingirika mpaka ukingoni, kimya, havikugonga popote. Watu wakatazamana, wakavirudisha, vikaenda vilevile. Fimbo haikuwa imepinda. Ilikuwa nundu ya raba tu.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Igwesa alisema yeye alisema alichokiona, na aliomba ruhusa ya kubandua akanyimwa. Mama Mwashi alisema yeye si mpimaji, yeye ni msumeno tu, waliopima ndio waliosema. Kapela alisema hakutamka kwamba imepinda, muulizeni yeyote. Wote watatu wakamgeukia Nyamizi: nani aliitaja? Nani alikataza raba isibanduliwe? Basi amejikata mwenyewe, na mtu hajilipi fimbo.

Nyamizi ameikunja ile raba kiganjani. Akasema, "Niliitaja kwa hasira. Lakini baba aliizungushia akiwa anakufa, ningewezaje kuibandua mbele yenu? Kapela, wewe ulifumba jicho moja. Uliona nini kwa lile lililobaki?"

Kapela akatazama chini. Akasema, "Niliona imenyooka."

Mkafikiri yameisha? Hayakuisha. Kapela akasema sawa, aliona, lakini jicho lake peke yake halikati fimbo, meza ndiyo iliyokata. Igwesa akasema meza haisemi uongo, ila iliwekewa raba. Mama Mwashi akasema hata wangebingirisha upande wa pili, nundu ingegonga vilevile, kwa hiyo haraka yake haikuharibu kitu. Kila mmoja ana lake, na kila mmoja ameishikilia fimbo yake kama mtoto anayeogopa kunyang'anywa. Hata Mama Mwashi anayo yake, ile nyeusi nyuma ya kaunta.

Na nyie mmekaa hapo mnanitazama mimi. Mimi nimeshachoka na watu hawa. Fainali ni keshokutwa, Nyamizi amesimama kando ya meza na kipande cha raba mkononi, hana fimbo. Haya, semeni nyie: kati ya jicho lililonyamaza, mkono uliobingirisha, msumeno usiongoja na mdomo ulioitaja, ni nani aliyeikata fimbo ya Luhende?