Kiboko Aliyetaka Kuwa wa Mwisho

Ngano iko mlangoni!
— Ifungulieni!
Ina nini?
— Ina miguu mifupi na meno marefu!
Imekuja kufanya nini?
— Kukaa na sisi!
Basi ipisheni ikae.

Hapo kale, lakini si kale sana, maana kompyuta zilikuwapo, wanyama wa bonde moja walikuwa na lambo moja la maji. Kila kiangazi waligombana kwenye malango ya lambo, wenye pembe wakawachoma wasio na pembe. Mwishowe wakachoka. Wakanunua mashine, wakaiweka ofisini, wakaiunganisha na malango yote.

Anayetaka maji anaandika ombi, na ombi likishaingia linaitwa kazi. Kazi zinapanga foleni. Mashine inachukua iliyo mbele, inafungua lango, kwaaa! Maji yanakwenda. Kazi ikiisha inafunga lango, ko! Inachukua inayofuata. Kwenye kioo, kazi iliyokwisha ilikuwa ya kijani, inayongoja ilikuwa ya manjano, na iliyokwama ilikuwa nyekundu, na chini yake pameandikwa Kosa.

Wa kuangalia foleni alikuwa Pimbi. Pimbi ni mdogo, hana mkia, na anapenda joto. Hakuna aliyemwajiri. Mashine ilikuwa na joto, akapanda juu yake, wakashindwa kumshusha, wakaona afadhali awe mwangalizi.

Siku moja akaja Bi Digidigi, miguu kama njiti, na mwanawe nyuma yake.

"Hodi!"

"Karibu, Bi Digidigi."

"Kazi yangu imekuwa nyekundu."

Pimbi akaning'iniza kichwa kutoka juu ya mashine, akasoma kioo hivyo hivyo, kichwa chini. "Inasema lango halijulikani. Wewe umeandika Korongo la Mashariki. Mashine inalijua Korongo Mashariki. Hiyo 'la' imeikwamia kooni."

"Kwani 'la' ni kubwa hivyo?"

"Kwa mashine hata nukta ni mfupa."

Akaifuta, akabonyeza Jaribu Tena. Ti-ti-ti! Kazi ikawa ya manjano.

"Haya, sasa ngoja zamu yako."

Kabla zamu haijafika, ardhi ikatikisika. Di! Di! Di! Akaingia Bwana Kiboko, mkuu wa ofisi ile.

"Pimbi, niweke mbele."

"Mbele yuko Kanga, Mkuu."

"Mkuu ni nani hapa?"

"Ni wewe, Mkuu."

"Basi niweke mbele. Andika: jaza dimbwi la Kiboko mpaka mwenyewe aseme basi."

Pimbi akaandika. Lango likafunguka, kwaaa! Dimbwi likajaa, Kiboko hakusema basi. Dimbwi likafurika, Kiboko hakusema basi. Maji yakamwagika mchangani, mchanga ukanywa ukashiba, Kiboko akafumba macho akapuliza pua, pfuuu! Wala hakusema basi.

Ofisini Kanga akaja. "Kazi yangu?"

"Inangoja."

"Inangoja nini?"

"Inangoja Kiboko aseme basi."

Ngiri akaja. "Kazi yangu?"

"Inangoja."

"Inangoja nini?"

"Inangoja Kiboko aseme basi."

Bi Digidigi akaja. Safari hii alikuja peke yake.

"Kazi yangu?"

"Inangoja. Mwanao yuko wapi?"

"Nimemwacha kivulini. Hasimami tena."

Pimbi akakigeukia kioo. Akabonyeza Simamisha. Mashine ikasema: Kosa, huna ruhusa. Akajaribu kuipitisha kazi ya Digidigi mbele. Kosa, huna ruhusa. Akaizima mashine akaiwasha. Ti-ti-ti! Ikaamka na dimbwi la Kiboko mbele vilevile.

"Kosa hili haliko kwenye mashine," Pimbi akasema. "Liko dimbwini."

Akashuka. Wanyama wakashangaa, maana hawakuwahi kumwona ardhini.

Akamkuta Kiboko ndani ya maji, pua tu ziko nje.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba. Nani kakutuma?"

"Sikutumwa. Nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini?"

"Ya kuwa wa kwanza."

Kiboko akatoa jicho moja. "Kuwa wa kwanza kuna ubaya gani?"

"Hakuna ubaya, Mkuu. Ni hasara tu. Hebu nikuulize, mashine inafunga lango kwa nini?"

"Ili ianze kazi inayofuata. Hata mtoto anajua."

"Na kama hakuna inayofuata?"

Kiboko akatoa jicho la pili. Akafikiri. Kufikiri kwake kulisikika, gruu, gruu, kama tumbo lenye njaa.

"Haifungi," akasema polepole.

"Haifungi. Aliye mwisho wa foleni, lango lake likifunguliwa limefunguliwa. Hakuna wa kumwambia ondoka."

"Na nani yuko mwisho sasa?"

"Kobe."

"Kobe!" Kiboko akasimama, maji yakaruka, chubwi! "Kobe apate lango lisilofungwa, mimi mkuu wa ofisi nipate lenye kufungwa?"

"Mimi sipangi, Mkuu. Mimi naangalia tu."

"Nitoe mbele! Niweke nyuma ya Kobe!"

"Siwezi mpaka useme neno."

"Basi!" Kiboko akanguruma. "Basi! Basi!"

Ko! Lango la dimbwi likafungwa. Pimbi alikuwa ameshatimua mbio.

Foleni ikaanza kwenda. Kanga akapata. Ngiri akapata. Ikafika kazi ya Digidigi, kwa... kimya. Nyekundu. Pimbi akaning'iniza kichwa. Kosa, lango halifunguki.

"Nini tena?" Bi Digidigi akauliza.

"Lango limekaa bila kazi, tope limeganda mdomoni mwake. Nenda ukachimbe."

"Mimi? Kwa kwato hizi?"

"Mashine haina hata hizo."

Digidigi akakimbia. Akachimba, kwaru, kwaru, kwaru, mpaka ukwato mmoja ukamvunjika. Akapiga kelele kutoka korongoni, "Tayari!" Pimbi akabonyeza Jaribu Tena. Ti-ti-ti! Kwaaa! Maji yakateremka Korongo Mashariki yakiwa mekundu kwa vumbi, yakafika kivulini, yakamgusa mtoto puani. Mtoto akapiga chafya. Akalamba. Kisha akanywa, akanywa, mamake akalala chini pale pale majini.

Akabaki Kobe, na nyuma ya Kobe, Kiboko. Kiboko alikuwa ameketi ofisini akikitazama kioo. Mara chini ya jina lake likatokea jina jingine. Ti!

"Nani huyo nyuma yangu?"

"Nungunungu. Ndiyo kwanza kaandika."

"Anataka lango langu! Nirudishe nyuma yake!"

"Kwa amri yako, Mkuu?"

"Kwa amri yangu!"

Ti! Kiboko akarudi nyuma.

Akaja Pundamilia. "Nani huyo nyuma yangu?" Kiboko akarudi nyuma. Akaja Kanga na vifaranga wake. "Nani huyo nyuma yangu?" Kiboko akarudi nyuma. Wanyama walipoelewa mambo yalivyo, wakawa hawaiachi foleni ikauke. Aliyekunywa jana aliandika leo.

Adhuhuri moja walijisahau, wakasinzia kwa joto. Ikabaki kazi ya Kiboko peke yake. Ikasogea mbele. Kiboko akaanza kutetemeka kwa furaha. Pimbi akapiga mwayo, akanyoosha mguu mmoja, akaandika: Pimbi, kikombe kimoja cha maji.

Ti!

"Pimbi! Hata wewe?"

"Kiu, Mkuu."

"Nirudishe nyuma yako!"

"Kwa amri yako, Mkuu?"

"Kwa amri yangu!"

Dimbwi la Kiboko likakauka, likapasuka nyufa. Akawa anakwenda kunywa Korongo Mashariki, anapiga hodi kwa Bi Digidigi kama mgeni yeyote, anapewa, anashukuru, anarudi ofisini. Ngozi ilimpauka, tumbo likaingia ndani. Kila asubuhi aliuliza swali moja.

"Pimbi, niko wapi?"

"Mwisho kabisa, Mkuu."

"Vizuri," Kiboko akasema, na usingizi ukamchukua.

Bonde zima likamsifu. Wageni kutoka mabonde mengine waliletwa wamwone mkuu anayewapisha walio chini yake, na wakubwa wenzake walipomtazama waliona aibu.

Sasa funzo, maana ngano bila funzo watoto hawalali. Funzo ni hili: kiongozi mwema hukaa nyuma ya watu wake, tena kwa hiari yake, na haambiwi na mtu. Mwigeni Kiboko. Pimbi msimwige, yule hakufanya lolote ila kukaa mahali penye joto.

Ngano yangu imefika ukutani. Aliyeipenda aibebe, asiyeipenda aiache hapo hapo chini, mimi nitaifagia.