Jina Lililosahauliwa Kila Alfajiri

Paukwa!

Pakawa!

Sauti gani hiyo, hamjala? Paukwa!

Pakawaaa!

Basi, hapo kale palikuwa na binti, Mwanatumu, ambaye mama yake alimezwa na Zimwi. Mzima mzima, na kanga zake! Akabaki na shoga yake Mize, wakilala mkeka mmoja, wakila sahani moja.

Kila usiku mama alimjia ndotoni. "Mwanangu, jina la Zimwi ni hili. Liite mara tatu, litanitapika."

Na kila alfajiri Mize alimtikisa bega: "Amka shoga, amka shoga, amka, uji unapoa!" Mwanatumu akikurupuka, jina limekwenda.

"Nimelisahau tena!" analia.

"Pole shoga yangu," Mize anamfuta machozi. "Ndoto haishikiki."

Siku moja mama alikuja sauti imefifia. "Fanya hima, mwanangu. Naanza kuyeyuka humu tumboni."

Asubuhi hiyo Mize alikuwa kisimani. Mwanatumu akazinduka mwenyewe, akatulia tuli. Hakujigeuza, hakufumbua macho. Loo! Ndoto ikaanza kurudi kidogo kidogo, kama kuku arudivyo bandani: kwanza kanga ya mama, kisha uso, kisha sauti. Jina lilipokaribia, Mize huyo na mtungi wake: "Amka shoga!" Likaruka.

"Shoga, kesho usiniamshe, tafadhali."

"Haya."

Kesho akamwamsha. "Aa, nimepitiwa!" Keshokutwa akamwamsha. Mtondo akamwamsha. Nyie mngeshtuka, eti? Mwanatumu alimpenda mno, hakushtuka.

Basi akaanza kujizoeza, apate kuijua ndoto akiwa bado ndani yake. Akitwanga, anatazama kiganja: "Niko macho au naota?" Akiteka maji, anatazama kiganja: "Niko macho au naota?" Akipika, vivyo hivyo. Mize akamcheka mpaka akashika mbavu.

Usiku, mbele ya mama, Mwanatumu akatazama kiganja kwa mazoea. Salaala! Vidole tele, kama mkungu wa ndizi!

"Kumbe naota!"

Hofu ikamtoka. Akamshika mama mkono, akalirudia jina polepole: Ngurunguru, Ngurunguru, Ngurunguru. Akajiambia, "Nikizinduka, nisijigeuze."

Akazinduka. Akatulia tuli. Jina lipo! Lakini mlangoni akasikia mnong'ono.

"Amelikumbuka?" Sauti nzito, ya Zimwi.

"Bado, bwana," Mize akajibu. "Namwahi kila siku kabla hajalishika."

"Vyema. Ndiyo maana sikuli."

Jamani! Mwanatumu alisikia moyo unachanika. Hata siku mama alipomezwa hakuumia hivi. Akainuka, akaenda mlangoni, akapaza sauti:

"Ngurunguru! Ngurunguru! Ngurunguru!"

Zimwi likapepesuka, likaanguka chali, likamtapika mama. Mama hoi, lakini hai. Zimwi likafa pale pale.

Mize akapiga magoti. "Nisamehe, shoga. Liliapa kunila nisipolitii."

"Ungeniambia, tungelikabili pamoja."

"Niliogopa."

"Zimwi lilikuwa zimwi tangu mwanzo," Mwanatumu akasema, machozi yanamtiririka. "Halikunidanganya. Wewe ulinifuta machozi, na wewe ndiye uliyekuwa ukiniliza."

Mize akanyoosha mkono amfute tena. Mwanatumu akaurudisha uso nyuma, akajifuta mwenyewe.

Hadithi yangu inakomea papo hapo, wanangu. Kikulacho ki nguoni mwako: adui wa mbali mtamkimbia, lakini mtazameni vizuri anayewabembeleza.