Peka, Baba

"Mtoto wangu akifumbua mdomo, mimi nimeshaelewa, akiufumba, nimeshamletea."

Maneno hayo aliyatamka Uthmani kinyozi, wembe mkononi, mbele ya wateja wake wa mtaa wa Musinzira mjini Gitega, siku ambayo mkewe alipanda gari kwenda Muyinga kumuuguza mama yake. Wateja waliitikia kwa vichwa, tena polepole, kwani nani atabishana na mtu aliyeshika wembe karibu na koo lake?

Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai, yaani anayeona haya kuifunua shida yake hampati wa kuitatua. Uthmani aliijua methali hiyo tangu darasani, ila aliamini ilitungwa kwa ajili ya watu wengine.

Uchi wake ulikuwa Kirundi. Alizaliwa Kigoma, wazazi wake wakiwa wakimbizi, na Kiswahili chake kilinyooka kama reli ya huko. Tangu arudi nchini alikuwa amejifunza salamu, bei za kunyoa, na neno "ego", yaani ndiyo, ambalo alilitumia kuziba mashimo yote yaliyosalia. Akipewa habari za msiba, ego. Akiulizwa jina la baba yake, ego. Watu walimwona mpole.

Yasmina, mkewe, alikuwa mzaliwa wa Muyinga. Miaka ile ya vita barabara ilikuwa na meno. Magari yalikwenda kwa msafara nyuma ya askari, na si yote yaliyofika. Ndiyo maana hakutaka kumchukua binti yao, Riziki, aliyekuwa ndiyo kwanza anaokota maneno.

"Barabara ile si ya mutoto," alimwambia mumewe. "We baki naye. Kama kitu inakushinda, uliza Mama Mwajuma hapo jirani."

"Kinishinde kitu gani?" akajibu Uthmani.

Siku za mwanzo zilikuwa tamu kama asali. Riziki alikunywa uji kwa mdomo, kwa pua na kwa nyusi. Aliogeshwa katika beseni, akatoka mkavu, baba akatoka ameloa chapachapa. Kwenye kibanda cha kunyolea, Riziki alimpaka povu la sabuni mzee Hamissi, ambaye kichwa chake kilikuwa kimeagana na nywele zamani; mzee alitulia tuli, akanyolewa hewa, akadai na marashi. Uthmani alistaajabu kwamba katika nchi iliyokuwa ikizika watu wake kila uchao, furaha kubwa namna ile iliweza kuenea ndani ya beseni moja.

Kisha likazuka neno.

"Peka," alisema Riziki asubuhi moja.

Uthmani akampa uji. Riziki akausukuma. "Peka." Akampa maji, akayamwaga. Akampa ndizi, ikaruka hadi uani. "Peka, Baba," akalia, akamzunguka kwa nyuma, akaanza kumpiga ngumi ndogondogo mgongoni. Uthmani akadhani anaadhibiwa. Akageuka amtazame, mtoto naye akazunguka tena kwa nyuma. Wakawa wanazungukana kama kuku na kivuli chake, hadi baba akapata kizunguzungu na mtoto akapata kwikwi.

Alifikiri labda ni peremende. Akanunua peremende, zikageuka mawe ya kumrushia. Alifikiri labda ni paka. Akamkamata paka wa watu, akamleta, akakwaruzwa bure.

Mama Mwajuma, mfanyabiashara wa vitenge, akachungulia kwenye ua. "Baba Riziki, mutoto iko analia nini?"

"Halii, mama. Anaimba."

"Wimbo gani hiyo ya machozi?"

"Wa Kigoma."

"Haya. Ukishindwa, useme. Mi niko hapa."

"Sijashindwa."

Aliposema hivyo alikuwa ameshindwa kama jogoo kwenye gunia. Kesho yake Riziki alikataa chakula kabisa, sauti ikamkauka, na lile neno likabaki kama mkwaruzo tu kooni: peka, peka. Uthmani akakaa kizingitini, kichwa mikononi. Hatua chache tu kutoka pale, Mama Mwajuma alikuwa akipepeta mchele. Moyo ulimwambia, nenda kaulize. Ulimi ukakataa katakata: utaitwa nani mtaani?

Ndipo alipojiona ameng'amua. Mtoto hula maneno kama anavyokula uji, mengine humwagika. Peka ni "peleka" iliyomwagika katikati. Nipeleke, Baba. Nipeleke kwa mama.

Machozi yalimlengalenga kwa huruma, na kwa kujisifu kidogo. Alfajiri iliyofuata akafunga kibanda chake, akambeba mtoto kifuani, akapanda lori lililokuwa likienda Kobero mpakani kupitia Muyinga. Nyuma ya lori, juu ya magunia, alikuwamo Mama Mwajuma akifuata mzigo wake wa vitenge.

"Unapeleka mutoto wapi na barabara hii?"

"Mama yake amemwita," alijibu Uthmani, akajifungia mbele kwa dereva.

Walikuwa wameipita Karuzi risasi ziliposikika nyuma ya kilima. Askari waliusimamisha msafara, wakawashusha abiria na kuwaketisha mtaroni, wakawaonyesha kidole mdomoni. Watu wakawa kimya kama maji ya mtungini. Riziki peke yake ndiye hakuafiki. "Peka! Peka!"

Askari mmoja mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi akaja mbio. Akainama kwa Uthmani, akasema kwa sauti ya chini, "Heka umwana."

Uthmani akasikia: cheka, mwana.

Alichanganyikiwa. Acheke? Hapa? Lakini bunduki haiulizwi maana. Akacheka kidogo, kwa adabu. Askari akakunja uso, akarudia kwa ukali, "Heka umwana!" Uthmani akaona cheko lake halikutosha. Akalitoa lote, meno ya mbele hadi magego, jasho likimtiririka na mtoto akimlilia kifuani. Abiria wakainamisha nyuso. Askari akamtazama mwenzake, kisha akaishusha bunduki begani, taratibu.

Mama Mwajuma akanyanyuka. Alimchukua Riziki, akamweka mgongoni, akamfunga kwa kitenge, akatikisa kiuno. Kilio kikakatika. Akamnong'oneza askari maneno mawili matatu ya Kirundi. Askari akatikisa kichwa, akaenda zake. Msafara ulipoachiwa, Riziki alilala mgongoni mle hadi Muyinga, na Uthmani hakuuliza kitu. Alipokabidhiwa mtoto sokoni alisema tu, "Hata mimi nilikuwa karibu kufanya hivyo."

Yasmina alipowaona mlangoni, ufagio ulimdondoka.

"Mutoto? Kwenye barabara ile?"

"Aliomba mwenyewe," alisema Uthmani, akaketi mbele ya mama mkwe wake aliyekuwa amelala mkekani. "Alisema nipeleke, nami lugha yake naijua. Njiani askari walitusimamisha. Nikaongea nao Kirundi kilichonyooka, wakatupisha kwa heshima."

"Heshima kabisa," ilisema sauti mlangoni. Mama Mwajuma alikuwa amepitia kumjulia hali mgonjwa. "Mwanajeshi alimwambia aheke mutoto, amubebe mugongoni, asilie tena. Yeye akacheka. Akaambiwa tena, akacheka zaidi. Nikamwambia yule mwanajeshi, musamehe, huyu bwana alizaliwa hivi."

Riziki, aliyekuwa ameamka, akazunguka nyuma ya baba yake. "Peka."

Yasmina hakucheka. Alikuwa akimfuta mtoto vumbi jekundu la njiani nywelini. "Hiyo 'peka' yake ni kumuheka tu, Baba Riziki," alisema polepole. "Nikipika namuheka, nikifua namuheka. Kila siku anasema mbele yako, we husikii. Kwa kukosa neno moja ya kuuliza jirani, ungenipotezea mutoto."

Uthmani alitafuta mzaha, maana hakuwahi kuukosa. Safari hii alikatizwa. Mama mkwe akajiinua kwa kiwiko.

"Mkwe wangu, Kirundi unakijua?"

"Sikijui, mama," alisema Uthmani. Neno likatoka dogo kuliko alivyoliogopa. "Na kumfunga mtoto mgongoni sijui. Nifundisheni."

Basi akainamishwa palepale, mbele ya mkwewe, jambo ambalo mwanamume wa Musinzira asingelisimulia. Yasmina akampandisha Riziki, Mama Mwajuma akavuta pindo la kitenge na kumkosoa mabega. Mtoto akalaza shavu mgongoni mwa baba yake, akashusha pumzi ndefu, akanyamaza. Uthmani alisimama ameinama vilevile, akiogopa hata kukohoa, asije akauvunja ukimya ule aliokuwa ameuvukia vita kuutafuta.

Hakika mficha uchi hazai. Na aliyekwisha kuzaa akaendelea kuficha, mtoto wake ndiye anayelia.