Mke Aliyeuficha Mkongojo

Wapendwa, leo nataka niwasimulie habari za mwanamke ambaye hakuna mtu angeweza kumnyooshea kidole. Angekuwa mlevi au mchoyo, kazi yangu ingekuwa nyepesi. Lakini alikuwa mke mwema. Ndiyo maana naogopa kidogo kuisimulia habari hii, na ndiyo maana naisimulia.

Mume wake alikuwa fundi wa kuezeka. Kwao ni milimani, kwenye mashamba ya chai, mahali ambapo mvua haiombwi, na fundi wa mabati hakosi kazi. Alitembea juu ya kenchi za paa kama mtu anayetembea sebuleni kwake, misumari mdomoni, nyundo kiunoni. Mke wake akipita barabarani wala hakuinua macho kumtazama. Amwogopee nini?

Asubuhi moja wanakunywa chai, kikombe kikamponyoka mume. Mke akauliza, "Baba Atu, umeungua?" Mume akataka kujibu, mdomo ukaenda upande. Maneno yakatoka kama uji. Akajaribu kusimama, mguu wa kulia ukakataa kumsikia.

Mwanamke yule hakungoja majirani waanze kutafuta mchawi. Aliomba gari la kubebea majani ya chai, akamlaza mumewe nyuma, akamfikisha hospitali siku ile ile. Wakaambiwa ni kiharusi. Fundi akalala wodini wiki tatu, na Mungu akamrudishia uhai, ila upande wote wa kulia ulikuwa kama si wake.

Siku ya kuruhusiwa, waliitwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alikuwa mama wa makamo, mpole, asiyependa maneno mengi. Akampa mume mkongojo, kisha akamgeukia mke.

"Mama Atu, mkono huu na mguu huu havijafa. Vimesahau kazi, na kinachovikumbusha ni kazi yenyewe. Mwache ale mwenyewe hata akimwaga. Mwache avae mwenyewe hata ikichukua saa nzima. Kila siku asimame na kukaa mara kumi, halafu atembee mpaka mlangoni. Kaa karibu naye, lakini usimfanyie. Na miezi hii ya mwanzo msiipoteze, ndiyo yenye mavuno."

"Nimesikia, daktari."

Na kweli alisikia. Siku za mwanzo walifanya yote. Mke alikuwa anaweka sahani mbili mezani, moja ina maharage makavu, nyingine tupu, na mume anahamisha punje moja moja kwa ule mkono mzito, jasho likimtiririka kama yuko juani. Siku aliyofikisha punje saba alicheka kwa upande mmoja wa uso. Mke naye akacheka mpaka machozi. Siku ya tisa fundi akafika mlangoni, akachungulia uani.

Siku ya kumi mke alikuwa jikoni anachochea moto. Akasikia kishindo, kama gunia la viazi lililotupwa. Alipotoka alimkuta mumewe chini karibu na banda la kuku, nyusi imepasuka, damu imeingia jichoni, vumbi mdomoni. Alikuwa na fahamu zake. Tena alikuwa anajaribu kusema kitu, lakini mke hakukisikia, kwa sababu alikuwa anaita watu.

Jeraha lilipona kwa wiki moja. Hofu haikupona. Ilikaa nyumbani mle kama mgeni asiyeaga. Sufuria ikianguka, moyo wa mwanamke unaruka. Mbuzi akijikuna ukutani, anashtuka. Alikuwa akienda shambani analima mistari miwili, anatupa jembe, anarudi mbio mpaka dirishani, anachungulia. Anamkuta mumewe pale pale alipomwacha, mikono mapajani. Anashusha pumzi. Anarudi shambani, mistari miwili mingine, na mbio tena. Mwisho akaliacha shamba.

Mambo yalianza kidogo kidogo. Leo nimlishe mimi, amechoka. Leo nimvalishe mimi, kuna baridi. Leo nimletee ndoo ndani, uani kunateleza. Kesho yake ikawa kama leo. Na ule mkongojo akauweka juu ya kabati, nyuma ya sanduku la nguo.

"Pumzika kwanza, Baba Atu," akamwambia. "Utatembea ukipata nguvu."

Mume akamtazama yeye, akalitazama kabati.

Tarehe ya kurudi kliniki ilipofika, mvua ilikuwa inanyesha. Mke akatuma salamu kwamba mgonjwa ana mafua. Tarehe ya pili, akatuma salamu kwamba amelala. Unafikiri alikuwa mwongo? Alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu haoni anaposema uongo. Anaona anaokoa maisha.

Watu walimsifu. Wanawake wa jumuiya walikuja kumtazama wakasema, mke wa namna hii umepata wapi siku hizi? Hata mchungaji wao alimtaja mbele ya usharika kuwa kielelezo cha upendo. Sisi wachungaji tuna haraka ya kusifu.

Na kila siku mwanamke yule alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu: Bwana, asianguke. Miezi minne aliomba hivyo, na miezi minne fundi hakuanguka hata mara moja.

Ila kuna vitu aliviona na hakutaka kuviuliza. Vidole vya mkono wa kulia vilianza kujikunja kuelekea kiganjani, ikawa kumwosha mkono ni lazima avifungue kimoja kimoja. Mguu ukaanza kuelekeza ncha chini. Na mume, aliyeanza kutamka maneno hata kwa shida, akanyamaza kabisa. Binti yao Atupele akipiga simu kutoka kwa mume wake, baba anatikisa kichwa, hataki kuipokea. Mke akiona kimya kile anamgusa paji la uso. Je, damu inavuja tena kichwani? Je, ni homa? Alikiogopa kila kitu duniani, isipokuwa kile kilichokuwa kinatokea mbele ya macho yake.

Siku moja yule mtaalamu akaja mwenyewe, kwa miguu, viatu vimejaa tope. Hakuna aliyemwita. Aliketi, akaushika mkono wa fundi, akajaribu kuvinyoosha vidole, navyo vikakataa.

"Mama Atu, nani anamlisha?"

"Mimi, daktari."

"Nani anamvalisha?"

"Mimi. Kila kitu nafanya mimi. Sijamwacha hata siku moja."

"Na ameanguka mara ngapi tangu ile siku ya kwanza?"

Mwanamke akainua uso. Swali hili alikuwa na jibu lake. "Hajaanguka tena. Hata mara moja, kwa neema ya Mungu."

Mtaalamu akauweka mkono wa fundi taratibu juu ya paja. "Mama, mtu mwenye ugonjwa huu ambaye miezi minne hajayumba hata mara moja ni mtu ambaye hajatembea. Hukumlinda asianguke. Amekwishaanguka, na yuko chini hapo kwenye kiti."

Maneno hayo yalimchoma, lakini si hayo yaliyomwangusha. Fundi alikohoa. Wote wawili wakageuka. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miezi anataka kusema. Maneno yalitoka moja moja, mazito, kila moja na pumzi yake.

"Siku ile... ulipouweka mkongojo juu. Nikajua. Daktari amekwambia... sitatembea. Ukawa unanificha."

Mke akamshika bega. "Baba Atu, hakuna daktari aliyesema hivyo. Nani amekuambia?"

"Wewe."

"Mimi? Lini nimesema?"

"Kila siku," mume akasema. "Kwa kijiko."

Wapendwa, mmesikia? Kwa kijiko. Kwa kila tonge alilomtilia mdomoni kwa upendo, mwanamke yule alikuwa anatangaza hukumu ambayo hakuna daktari aliyeitoa. Yeye alidhani anasema nakupenda. Mume akasikia umekwisha. Kwa hiyo akakaa chini akaanza kungoja kufa, kwa utii, kwa sababu alimwamini mke wake.

Mwanamke alipanda juu ya kigoda, akaushusha mkongojo, akaufuta vumbi kwa upindo wa kitenge chake. Mtaalamu akamfunga fundi khanga kiunoni, akaishika kwa nyuma. Akamwambia mke, "Wewe nenda ukasimame mlangoni. Kunja mikono. Usimguse mpaka akuombe."

Hatua ya kwanza fundi alichukua muda mrefu kuliko ninaouchukua kumaliza sala ya kufungulia ibada. Ya pili, mguu ukajikwaa kwenye mkeka. Akayumba. Khanga ikakazika. Mke alijiuma mdomo mpaka akaonja damu, mikono yake imejikunja kifuani, kucha zimezama kwenye nyama. Mumewe akarudi wima. Hatua ya tatu. Hatua ya nne. Njiani magoti yalimwishia, mtaalamu akamshusha polepole mpaka chini, akasema, "Sasa nikufundishe kuinuka." Akamfundisha. Goti hili kwanza, mkono mzima kwenye kiti, sukuma. Ilichukua karibu nusu saa. Mke alilia muda wote huo, na hakutoka mlangoni.

Mwisho wake ukawaje? Nisiwadanganye, maana hapa ni madhabahuni. Mguu ulirudi. Mwaka ule ule fundi alikuwa anatembea mpaka sokoni, polepole, anavuta mguu, anapumzika kwenye kila jiwe. Sauti nayo ilirudi. Lakini mkono haukurudi. Vidole vile havikufunguka tena, na nyundo hakuishika tena. Mtaalamu aliwaambia wazi: pengine mkono usingepona hata kwa mazoezi, na pengine ungepona; miezi minne ile ingeleta nini, hatutajua. Mwanamke yule ataishi na neno hilo "pengine". Mumewe hamlaumu. Alimwambia siku moja, "Uliogopa. Hata mimi niliogopa." Lakini yeye, kila anapomfunga mumewe kifungo kimoja cha shati ambacho mkono ule hauwezi, anaikumbuka miezi ile.

Sasa tuje kwetu sisi.

Ni nani uliyemkalisha kwenye kiti? Tunaye hapa kijana ana miaka ishirini na sita, ukimuuliza swali anajibu mama yake. Tunaye mjane ambaye shemeji zake wanamwamulia hata mbegu ya kupanda, eti wanamwonea huruma. Tena kuna ndugu yetu aliyeacha pombe miaka mitatu iliyopita. Miaka mitatu, wapendwa. Na sisi, mchungaji na wazee wa kanisa, hatujampa hata kuongoza wimbo mmoja, kwa sababu tunasema, asije akaanguka. Tunamwambia apumzike kwanza. Tumeuweka mkongojo wake juu ya kabati, na kila Jumapili tunamsalimia kwa tabasamu. Mnafikiri yeye anasikia nini katika tabasamu hilo?

Sisemi tuwatelekeze wadhaifu. Asiondoke mtu hapa akaenda kumwacha mgonjwa wake sakafuni akasema mchungaji ameruhusu. Yule mtaalamu aliishika khanga, hakuiachia. Nasema tuichunguze hofu yetu, hasa pale inapojiita upendo, hasa pale watu wanapotusifu kwa sababu yake. Ninayemfanyia kila kitu, je, nimemuuliza anasikia nini? Au naomba tu Mungu anipe siku ambayo moyo wangu hautaruka, hata kama siku hiyo italipiwa na mwili wa mtu mwingine?

Na kumbukeni, Mungu mwenyewe anatupenda kuliko mke yule alivyompenda mumewe. Hata hivyo ametuacha tutembee. Anaona tunavyoyumba, na hajatukalisha. Mngependa atuamini vipi zaidi ya hapo?

Tutasimama kwa ajili ya sala. Najua kwenye benchi la nyuma kuna mzee wetu aliyetoka hospitali mwezi uliopita, na wajukuu zake wameshaanza kumshika makwapani. Mwachieni kidogo, wanangu. Kaeni karibu naye, lakini mwacheni aanze yeye.

Hatuna haraka. Tutamsubiri.