Namkunda Ayapa Maua Majina

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Leo nimewaletea kilima."

"Kilete tukipande!"

"Kina maua, jamani, msiyakanyage."

"Tumevua viatu!"

Basi hapo kale palikuwa na mwanamke mrina asali, jina lake Namkunda. Mizinga yake ilikuwa kwenye kilima cha maua ya mwituni. Asubuhi ukungu ukitanda, kilima kilinukia hata ukasahau ulikokuwa ukienda.

Siku moja Mfalme akatangaza: "Kilima kilimwe ulezi. Mmea wenye jina ubaki. Usio na jina ni gugu, ung'olewe!"

Maua yale hayakuwa na majina. Na bila maua nyuki wangehama, na Namkunda hakuwa na kazi nyingine. Alilia, nawaambia! Kisha akajilaza kati ya maua, akayatazama moja moja, polepole, mpaka usingizi ukamchukua. Ndotoni yakamjia yamevaa kaniki, yanatembea kama mabibi wa kijiji waliokwisha kufa, kila moja na bibi yake. Akaamka anacheka.

Wakaja walimaji watatu, majembe begani.

Wa kwanza akauliza, "Hili la njano?"

"Linajifunga jua likifika utosini. Ni Bibi Nakijwa."

"Bibi yangu! Adhuhuri alikuwa akifunga mlango alale!" Akashusha jembe.

Wa pili akauliza, "Hili la zambarau?"

"Pikicha jani, unuse."

Akanusa. "Tangawizi! Bibi Naetwe huyu, aliyekuwa akinipikia chai," akasema mwenyewe, machozi yanamlengalenga.

Wa tatu hakungoja kuambiwa. Aliona ua jekundu limeinamisha shingo, akalipigia goti: "Shikamoo, bibi."

Mnacheka? Mfalme alipopata habari hakucheka. Akaja mwenyewe na jembe, akazunguka, akazunguka, akazunguka, akaona tumba moja dogo kando ya jiwe.

"Na hili?"

Namkunda akalipapasa jani, akalinusa. Angeweza kudanganya. Hakudanganya.

"Hili silijui, Mfalme wangu. Halijafungua uso."

"Basi halina jina."

"Halina."

Mfalme akainua jembe. Jembe likabaki juu. Kila mtu pale alijua kwamba mwaka ule Mfalme alikuwa amemzika bintiye wa siku tatu, kabla hajapewa jina.

Akaliweka jembe chini. Akaketi kando ya lile tumba, akalikinga na jua kwa mwili wake, akalia mbele ya watu.

Ulezi ukalimwa bondeni. Tumba likachanua, jeupe. Hakuna aliyelipa jina mpaka leo, na hakuna anayeling'oa.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeipenda aichukue, asiyeipenda aniachie nilale nayo.