Moshi Hauhongwi kwa Rangi

Moshi hauhongwi kwa rangi. Mmemsikia Bi Nanzia akisema hivyo asubuhi hii alipokuwa akikagua mshono wa gauni, nanyi mkacheka, maana gauni na moshi wapi na wapi. Haya, sogeeni. Neno hili lina mwenyewe, na mwenyewe alikuwa fundi wa papa hapa Mwanga. Chanzo chake ni hiki.

Alikuwapo mama mmoja akiitwa Namkunda, fundi wa kuchomelea vyuma. Alitoka katika ukoo wa Washana, wahunzi wa Upare tangu enzi za mababu, na hakuona haya kuwakumbusha watu jambo hilo. Babu yake hakuupeleka mvukuto wowote, ule mfuko wa ngozi wa kupulizia moto, tanuruni kabla ya kuuziba mdomo, kuujaza moshi na kuutazama kama unavuja. Namkunda alirithi mvukuto mmoja wa babu pamoja na desturi hiyo, akaihamishia kwenye magari. Desturi ya pili aliianzisha mwenyewe: aliyefunga kifaa ndiye anayepanda na gari mlima wa kwanza.

Mjini hapo aliishi Mwalimu Mbwambo, mstaafu, aliyekuwa na Pejo kuukuu aliyoinunua mwaka aliozaliwa binti yake Nakiete. Siku ileile aliapa kwamba Nakiete atakapoolewa, atampeleka kanisani kwa gari hilo na kwa mikono yake mwenyewe. Sasa harusi ilikuwa Jumamosi, juu Usangi, na manifoldi ya Pejo, yale mabomba manne yanayotoa moshi kwenye injini na kuungana kuwa moja, ilikuwa imeliwa na kutu kwa uzee.

Mpwa wake akamtumia mpya kutoka Dar es Salaam. Ilikuja kwenye boksi, inang'aa kama sufuria ya dukani. Mwalimu aliibeba hadi gereji kwa mikono miwili, kama abebavyo mtu mtoto wa kubatizwa.

"Shikamoo, Mwalimu," Namkunda alisema. "Ngoja kwanza niitie moshi."

"Marahaba. Uitie moshi ya nini? Hiki kimetoka kiwandani, Namkunda. Huko kuna mashine, hakuna mivukuto."

Namkunda alitaka kubisha, akaghairi. Mtu huyu ndiye aliyemshika mkono darasa la kwanza akamwonyesha kuandika jina lake. Utambishiaje mtu wa namna hiyo? Akaifunga manifoldi bila kuipima, huku moyo ukimsuta.

Jumatano wakaipandisha Pejo kuijaribu, Mwalimu usukani na Namkunda pembeni yake. Hawakuimaliza kona ya tatu. Injini ilianza kupiga kelele kama mahindi yanayokaangwa, moshi ukaingia ndani ya gari, wakashuka wote wawili wakikohoa na machozi yakiwatoka. Watu waliokuwa wakishuka mlima na ndizi zao walisimama kutazama, na mmoja akauliza kama Pejo nayo imestaafu.

Waliporudi gereji, Namkunda aliifungua ile manifoldi, akaziba matundu yake kwa vipande vya mgomba, akachoma tambara la oili kwenye kopo na kuuvuta mvukuto wa babu. Moshi ukatoka kwenye kila kiungo. Akakwangua rangi kwa kisu. Chini yake maungio yalikuwa na vitobo tele, vimezibwa kwa gundi na kupakwa rangi juu. Bamba la kufungia kwenye injini lilikuwa jembamba na limepinda. Alipolilaza juu ya kioo, kijiti cha kiberiti kilipita chini yake bila kuguswa.

"Nikodi gari," Mwalimu alisema taratibu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayezika kitu.

"Hukodi, Mwalimu. Kosa ni langu, nilijua la kufanya nikanyamaza. Nitaifua mwenyewe."

Akaenda kwenye shamba la mkonge akapata mabomba mazito ya mashine chakavu. Aliyajaza mchanga mkavu ili yasijikunje, akayapasha moto mpaka yakaiva, akayapinda moja moja. Bamba alilikata kwenye chuma kinene akalipiga tupa Alhamisi nzima, mpaka likalala juu ya kioo bila kuacha mwanya. Mtaa mzima ulipita kuangalia, na wazee wa Kishana waliketi mlangoni wakitoa ushauri ambao hakuna aliyewaomba.

Ijumaa alasiri kazi ikaisha. Matundu yakazibwa, mvukuto ukavutwa, watu wakabana pumzi. Bomba la kwanza, kimya. La pili, la tatu, kimya. Kwenye kiungo cha nne ukatoka uzi mmoja wa moshi, mwembamba kama unywele.

Namkunda akaunyoshea kidole. Bila yeye kuuonyesha, pengine hakuna ambaye angeuona.

"Ni kidogo mno," Mwalimu alisema akiitazama saa. "Kesho ndiyo harusi, mwanangu. Paka rangi ya kuhimili moto hapo, tutafika tu."

Namkunda alikuwa amechoka. Hata hivyo alichukua tupa akaanza kuukwangua mshono wake mwenyewe, mbele ya wote.

"Mwalimu, moshi hauhongwi kwa rangi," alisema. "Hauulizi hiki cha kiwandani au cha Mshana. Kama juzi uliwaumbua wale, leo ukinisitiri mimi utakuwa moshi gani?"

Akauchomelea upya. Mvukuto ukavutwa mara ya pili, na safari hii hapakutoka hata dalili. Mwalimu, ambaye hakuwahi kutembea bila chaki mfukoni, aliliandika neno lile kwenye mlango wa gereji kwa hati yake nzuri ya ubaoni.

Jumamosi Pejo ilipanda Usangi kona kwa kona, injini ikinguruma kwa upole. Nakiete alikaa nyuma na shela lake, baba yake usukani, na pembeni yake fundi, maana desturi ni desturi. Kanisani, kabla hata ya kumshusha bibi harusi, Mwalimu alifungua boneti mbele ya wakwe. Manifoldi ilikuwa nyeusi, haina hata tone la rangi, mishono yake yote inaonekana.

"Huyu nilimfundisha kuandika," aliwaambia, akimwonyesha Namkunda. "Yeye kanifundisha kusahihisha. Na alianza na daftari lake mwenyewe."

Namkunda alilia palepale, na hakujificha.

Kwa hiyo Bi Nanzia hakuwa akimsema mtu leo. Gauni lile kalishona yeye mwenyewe, na mmemwona akilifumua. Moshi hauhongwi kwa rangi, hata kama rangi ni yako.