Kichwa cha Shaba cha Mzee Garama

Wahenga walinena kuwa mdhaniwa ndiye siye. Maana yake ni kwamba macho yetu hupenda kumtwika lawama tusiyemzoea, ilhali mkosaji huenda tumeketi naye bega kwa bega. Mzee Garama wa Mariakani aliijua methali hiyo tangu utotoni, lakini aliielewa alipotimiza miaka sitini na minane.

Garama alikuwa mfanyakazi wa reli aliyestaafu. Katika chumba kimoja nyuma ya nyumba yake palikuwa na meza kubwa, na juu yake alikuwa ameijenga Mariakani ndogo: stesheni ya zamani yenye paa la mikebe, minazi ya waya, na reli nyembamba iliyoizunguka meza yote. Kila Jumamosi alasiri, wapenzi wenzake wa treni ndogo walikutana hapo. Sanga, seremala na sahibu yake wa miaka thelathini, ndiye aliyechonga majengo. Mwalimu Zainab, mzaliwa wa Lamu aliyeolewa Mariakani, alipaka rangi. Mgeni wao alikuwa Ndirangu, fundi wa malori kutoka bara, aliyejiunga nao miezi minne tu iliyopita.

Mazungumzo yao yalikuwa matamu kama halua.

"Nyasi hizi za makumbi ya nazi zimezidi urefu," Zainab alitania. "Abiria wakishuka watapotelea humo."

"Mwaka huu mvua imekuwa njema, mwalimu," alijibu Garama, wote wakaangua kicheko.

"Mzee, kona ile imebana," Ndirangu alisema. "Tukiipanua kidogo, behewa la mwisho halitaanguka."

"Kona ile niliipinda mimi," Sanga alisema kwa upole. Waliipanua, na treni ikapita bila kuanguka.

Kilichopendwa kuliko vyote ni kichwa cha treni hiyo. Garama alikiunda kwa shaba ya mifereji mibovu, na marehemu mkewe, Kahonzi, ndiye aliyekisugua kwa msasa mpaka kikang'aa, hata baada ya maradhi kumlaza kitandani.

Jumamosi moja Garama alifungua sanduku alimokihifadhi, akakuta kitambaa kitupu. Kichwa hakikuwemo! Walipekua chini ya meza na nyuma ya makopo ya rangi. Sanga alitafuta kuliko wote, magoti yakamjaa vumbi. Kisha akamvuta Garama kando.

"Ndugu yangu, sipendi kusema. Lakini miaka yote hii, tumewahi kupoteza hata msumari humu? Ni nani aliyeongezeka?"

Maneno hayo yalimchoma Garama kama mwiba. Alikumbuka jinsi Ndirangu alivyopenda kukigeuzageuza kichwa kile mikononi. Hata salamu zake za siku hiyo sasa zilionekana kuficha jambo.

"Ndirangu, fungua mkoba wako."

"Mzee, unanishuku mimi?"

"Fungua tu."

"Baba Garama," Zainab aliingilia, "dhana nyingine ni dhambi."

Ndirangu alivitoa vitu vyake kimoja kimoja: bisibisi, koleo, matambara yenye grisi, chapati mbili ndani ya karatasi. Hapakuwa na kichwa.

"Basi ameshakipeleka kwingine," Sanga alinong'ona.

"Nenda," Garama alisema, "na usirudi mpaka kirudi."

Ndirangu alikusanya vitu vyake, akaaga kwa adabu, akaondoka.

Wiki tatu zilipita. Garama alipoteza hamu ya chakula. Mara mbili alijibanza kando ya kibanda cha maziwa akiichungulia gereji ya Ndirangu, asione ila malori na moshi.

Alhamisi asubuhi, Everlyne, mkewe Sanga, alipiga hodi.

"Shikamoo, shemeji. Nimekuletea chombo chenu. Nimekikuta ndani ya gunia la mahindi, kimefungwa kwa shati la baba watoto. Nikasema kitaharibika bure."

Garama alikipokea. Ilikuwa shaba ile ile.

Alikwenda nacho hadi karakana ya Sanga. Sanga alipokiona, aliweka randa chini.

"Sikutaka kukiuza, Garama. Kabla Ndirangu hajaja, kila jambo mlikuwa mkiniuliza mimi. Nilitaka aondoke, kisha nikirudishe."

"Ulinitazama nikimdhalilisha mtu mzima, ukanyamaza."

"Nilinyamaza," Sanga alisema, macho chini. Garama alitoka bila kuaga.

Gerejini alimkuta Ndirangu chini ya lori. Alichutama kwa taabu.

"Mwanangu, nimekukosea. Nisamehe."

Ndirangu alijitoa taratibu. "Nimekusamehe, mzee. Lakini mkoba wangu ulifunguliwa mbele ya watu."

Garama aliinuka, akawaita mafundi na madereva wote waliokuwepo. Kwa sauti iliyopasuka aliwaeleza kwamba alimwita mwizi mtu asiye na hatia, na kwamba aibu ile ni yake yeye. Hakuna aliyecheka.

Ndirangu alinawa mikono, akakichukua kichwa na kukitazama kwa makini. "Gurudumu la nyuma limelegea," alisema. "Tutalikaza Jumamosi."

Jumamosi hiyo treni ilizunguka tena, ingawa kiti cha Sanga kilibaki wazi. Zainab alipouliza ilikuwaje, Garama alimsimulia yote, kisha akatikisa kichwa.

"Nilimfukuza rafiki kwa ushauri wa mwizi. Hakika, mwalimu, mdhaniwa ndiye siye."